Tunu na mgeni wa chumba cha uani

Paka wangu Tunu anaogopa hodi. Adhana haimsumbui, ingawa msikiti uko nyumba nne tu kutoka kwetu na spika moja imeelekezwa huku. Radi humfanya afumbue jicho moja. Cherehani yangu ndiyo kabisa: hulala kwenye kapu la vipande vya vitambaa, hatua moja kutoka kwenye kanyagio, na niendeshe nitakavyo hajigeuzi. Lakini mtu akisimama mlangoni akasema "Hodi wenyewe!", kabla sijamaliza kuitikia, kapu liko tupu na Tunu yuko uvunguni mwa kitanda nyuma ya masanduku, kimya. Kuna wateja wananishonesha nguo mwaka wa tatu huu na wanaapa kwamba mimi sifugi paka.

Nilimtoa mtaroni, hapa hapa Ngamiani, Tanga, masika ya 2021. Daktari wa mifugo alimkisia umri wa miezi mitatu kasoro siku chache, na nadhani hapo ndipo woga wake ulipoanzia. Mtoto wa paka huzoea watu kwa urahisi kati ya wiki ya 2 na ya 7 hivi tangu azaliwe. Akishikwa na kubebwa katika wiki hizo, binadamu kwake anakuwa kitu cha kawaida kama mama yake na ndugu zake. Zikimpita bila mkono wa mtu kumgusa, anaweza kukuzoea wewe unayemlisha, ila kila mtu mwingine atabaki kuwa jambo la kukimbiwa. Tunu zilimpita akiwa mtaroni. Ilinichukua miezi minne mpaka akubali kulala miguuni pangu, na hata leo nikivaa viatu vya kutokea ananitazama kama mtu asiyenijua.

Basi paka wa namna hiyo, mimi kwa akili zangu nikamletea mwenzake.

Nilikuwa na sababu, na ilikuwa ya kipumbavu. Nilikuwa namwona amekaa dirishani akitazama uani kwa saa nzima, nikasema moyoni, huyu ana upweke. Hakuwa na upweke wowote. Alikuwa anatazama mijusi. Paka wa nyumbani asili yake ni paka-mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, mnyama anayewinda peke yake na kula peke yake. Simba wakiangusha nyati, ukoo mzima unakula, lakini panya mmoja hagawanyiki. Mtu atanijibu: mbona ukienda soko la samaki kule Deep Sea asubuhi unakuta paka wamejaa, wanalala wamebebana? Ni kweli. Mara nyingi makundi kama yale msingi wake ni mama, binti zake na dada zake, wamekaa mahali ambapo matumbo ya samaki hayaishi. Akitokea paka mgeni hapokewi kwa udi na marashi. Hufukuzwa. Akirudi hufukuzwa tena, na siku moja, bila tangazo, wanachoka kumfukuza. "Mgeni njoo, mwenyeji apone" ni methali ya watu.

Sudi aliachwa na jirani yangu mwalimu aliyepata uhamisho kwenda Korogwe. Dume la mwaka mmoja, rangi ya tofali, kichwa kikubwa, hajui aibu. Alikulia kwenye nyumba yenye watoto sita na hakuwa na habari kwamba duniani kuna kiumbe asiyetaka kuonana naye. Nilimchukua Jumamosi moja ya Agosti ndani ya tenga la kuku, nikaliweka katikati ya ukumbi, nikalifungua. Mpango wangu wote ulikuwa huo. Watanusana, watafoka kidogo, yataisha.

Sudi alitoka mkia umesimama kama mgombea udiwani anayeshuka kwenye gari. Tunu alikuwa mlangoni mwa chumba changu. Manyoya yalimsimama mpaka akawa mara mbili yake, akatoa sauti ambayo sikujua kama anayo, nzito, ya chini, kisha akapanda. Anayeijua nyumba ya Kiswahili atanielewa: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na kuta za vyumba hazifiki kwenye bati. Tunu alipanda kabatini, akaruka juu ya ukuta, akashika kenchi, na huko juu kwenye giza akabaki. Sudi alimsindikiza kwa macho, kisha akaenda kwenye sahani yake akala dagaa wote, akamalizia kwa kuingia kwenye kapu la vitambaa na kujilamba.

Jirani yangu wa mkono wa kulia, ambaye hakuna kinachompita, alichungulia akacheka mpaka akashika mlango. "Umemletea mke mwenza bila hata kumwambia! Mwanamume mwenye adabu zake hutafuta maneno kwanza." Nikamwambia Sudi ni dume. Akasema hayo hayapunguzi kitu.

Tunu alikaa kwenye kenchi kuanzia Jumamosi alasiri mpaka Jumatatu usiku. Siku ya kwanza nilichukulia mzaha. Siku ya pili nilianza kuogopa, kwa sababu paka si kama mbwa, hawezi kugoma kula ukamwacha mpaka njaa imshinde. Akikaa siku mbili tatu bila chakula, mafuta ya mwili huanza kujazana kwenye ini, na ugonjwa huo huua. Nilipanda ngazi na kijisahani cha maji, nikapanda na supu ya kichwa cha samaki, nikaongea naye maneno ambayo sitayaandika hapa. Alinitazama tu. Alishuka baada ya mimi kumfungia Sudi stoo, na jambo la kwanza alilofanya ni kukojolea vitenge vya sare ya harusi, vya watu, jora zima, vilivyokuwa vimekunjwa mezani vikisubiri kukatwa asubuhi.

Nilivilipa. Sikumpiga, ingawa mkono uliwasha. Paka haweki kisasi kwa mkojo. Paka aliyetishwa nyumbani kwake anaweza kupaka harufu yake mahali panapomuuma zaidi, na meza ile ilikuwa juu kabisa ya kapu alilolala Sudi. Ukimpiga unamthibitishia kwamba nyumba imeharibika kweli.

Usiku ule ndipo nilipokubali kwamba nimeanza vibaya na inabidi nianze upya, kana kwamba Sudi hajafika.

Tuna chumba cha uani ambacho zamani kilikuwa stoo ya mkaa. Kina dari yake na mlango unaofungika, kwa hiyo hakuna kupita juu ya ukuta. Nilikipiga deki, nikaweka maji, gunia la katani la kukwarua, na beseni la mchanga (nilioomba kwa mafundi wanaojenga mtaa wa pili, walishangaa nauomba, kwa kuwa paka wa mtaa mzima wanautumia bure). Sudi akawa mpangaji wa chumba hicho. Daktari alikuwa ameshaniambia kwamba mgeni atengwe wiki mbili hata kama wangekuwa wanapendana, kwa sababu ya maradhi. Kuna huo unaowaharisha na kuwatapisha paka wadogo, panleukopenia, ambao virusi vyake vinaweza kuishi kwenye sakafu na vyombo mpaka mwaka mzima. Sudi alichanjwa huo, akachanjwa na kichaa cha mbwa, jambo lililomfurahisha shangazi kupita kiasi. Alizunguka mtaani akisema, "Paka wetu kachanjwa umbwa." Akahasiwa pia. Watu hudhani dume akihasiwa anatulia siku hiyo hiyo, kumbe homoni huchukua wiki kadhaa kwisha mwilini.

Lakini shangazi, aliyefurahia chanjo, hakufurahia mlango kufungwa. Ndiye mwenye nyumba, na ndiye aliyenilea. Siku ya tatu alinikuta natoka uani na ufunguo mkononi.

"Mwanangu, unaijua habari ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka?"

"Naijua, shangazi."

"Alimfungia ndani."

"Alimfungia akamnyima chakula, shangazi, wala hakumwacha akajitafutie. Mimi nampa mara mbili kwa siku, na maji, na jioni nakaa naye."

Akanyamaza kidogo. "Nyie watoto mna majibu," akasema, na tangu siku ile, kila alfajiri akitoka kuswali, akawa anaingia mwenyewe kwa Sudi na kibakuli cha maziwa, ili ikitokea mtu akaulizwa, yeye asiwemo. Nilitaka kumwambia kwamba maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi wakubwa. Niliona nimeshajibu vya kutosha wiki hiyo. (Sudi hakuharisha. Sudi ni wa chuma.)

Kazi ya wiki mbili zile ilikuwa ya pua. Sisi mtu akija tunamtazama uso. Paka humjua mtu, mahali na mwenziwe kwa harufu kwanza. Ana tezi mashavuni, kidevuni na kwenye nyayo, na anapojisugua kwenye mguu wa meza au kwenye gauni lako anaandika jina lake hapo. Paka wanaoishi pamoja wanasuguana mpaka wote wanakuwa na harufu moja ya nyumba. Nilichokuwa nimefanya Jumamosi ile ni kumleta Sudi na jina la nyumba nyingine mwili mzima.

Nilichukua kanga yangu kuukuu nikaikata katikati. Iliandikwa WEMA HAUOZI. Kipande cha WEMA nilimsugulia Tunu mashavuni, cha HAUOZI nikamsugulia Sudi, kisha nikabadilisha: cha Sudi nikakiweka ukumbini mbali na kapu, cha Tunu nikampelekea Sudi. Sudi alikilalia palepale. Tunu alikizunguka kile kitambaa kama kuna nyoka ndani, akanusa pembe moja, kisha akabaki mdomo wazi, midomo ya juu imejikunja, kama shangazi akisikia bei ya nyanya. Nilidhani kachukizwa. Kumbe ndivyo paka anavyovuta harufu kuipeleka kwenye kiungo kingine kilicho juu ya kaakaa, pale ambapo pua peke yake haitoshi. Alikuwa anasoma. Akafoka mara moja, akaondoka. Siku ya nne alikipita bila kukitazama. Siku ya saba nilimkuta amekikalia, na nikajifanya sijaona.

Hapo tukaanza kula mlangoni. Tunu upande huu, Sudi upande wa pili, mlango umefungwa. Sahani ya Tunu ilianzia mbali, karibu na jiko, na kila siku niliisogeza shubiri moja. Kipimo kilikuwa Tunu mwenyewe: akila huku masikio yamesimama kawaida, kesho tunasogea, akila huku amechuchumaa na masikio yamelala pembeni, kesho tunabaki hapo hapo. Siku moja niliona anakula kwa raha nikafanya tamaa, nikasogeza shubiri tatu kwa mkupuo. Alitazama sahani, akanitazama mimi, akageuka. Ilibidi nirudi nyuma shubiri tano na kupoteza siku nne. Nikaacha ujanja.

Walipofikia kula pua zao zikiwa zimetenganishwa na unene wa ubao tu, seremala aliniundia fremu yenye wavu wa madirisha, nikaibana pale mlangoni na kuutundikia pazia. Mara ya kwanza kufunua pazia ilikuwa saa mbili usiku, mtaa umetulia, wote wawili wanangojea dagaa mchele, chakula ambacho Tunu hawezi kukipinga hata nyumba iungue. Nililifunua kiasi cha kiganja. Sudi akalia nyau. Tunu akafoka, akala dagaa mmoja, akafoka, akala mwingine. Nilikaa sakafuni nikiogopa hata kupiga chafya. Nilipofunga pazia baada ya dakika mbili, mgongo wa gauni langu ulikuwa umelowa jasho.

Watu wanaogopa sana kule kufoka. Mimi nimejifunza kukufurahia. Paka anayefoka anasema, ishia hapo, na mwenzake akiishia hapo mazungumzo yamekwenda vizuri. Wa kumwogopa ni yule aliyenyamaza akakazia macho, mwili umeshuka, ncha ya mkia inacheza. Sudi alikuwa na tabia hiyo, si kwa ubaya, ni ujana tu. Kwake kila kinachokimbia ni mchezo, na Tunu maisha yake yote ni kukimbia. Kwa hiyo kabla ya kukutana nilikuwa namchosha Sudi kwanza: utepe wa kupimia nguo, wa zamani uliofutika namba, navuta uani huku na huku mpaka anahema, ndipo nampa chakula. Paka aliyewinda na kushiba hutaka kujilamba na kulala. Huyo ndiye nilimtoa ukumbini, wiki ya sita, kwa dakika kumi.

Na Tunu nilimwachia kila njia. Mlango wa chumba changu wazi, kabati lisogezwe karibu na ukuta, kenchi juu. Jirani aliniuliza kwa nini nisimshike tu mikononi amwone mwenzake kwa karibu, azoee. Alama niliyo nayo kwenye kifundo cha mkono wa kushoto ndiyo jibu. Ni ya Jumamosi ile ya kwanza nilipojaribu kumzuia asipande. Paka mwoga akijua kwamba anaweza kuondoka, anaweza kubaki. Tunu alipanda juu ya kabati, akakaa, akamtazama Sudi akijiviringisha sakafuni dakika kumi nzima. Hakwenda kwenye kenchi. Nilimtazama nikafumba macho polepole na kuyafumbua, kama mwenye usingizi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walionyesha kwamba paka huelekea kujibu kufumba kwa namna hiyo, na humkaribia kwa urahisi zaidi mtu anayemfumbia hivyo. Tunu akanifumbia. Shangazi aliyekuwa anapepeta mchele akauliza kama macho yananiuma.

Halafu ikaja wiki ya nane. Kulikuwa na wageni, na wageni walikuwa na watoto, na mtoto hawezi kuona mlango uliofungwa akauacha. Sudi alitoka kama risasi, Tunu akamwona, akakimbia, na yeye akakimbizwa, ukumbi mzima, sinia zinaanguka, mpaka wakakutana kwenye kona ya jiko wakawa donge moja la manyoya. Safari hii sikutia mkono. Nilichukua sinia la pilau nikalisukuma katikati yao, Tunu akapata upenyo akaondoka. Manyoya mengi, damu hakuna. Lakini tulirudi kwenye pazia kwa siku tisa, na Tunu akarudi kukojoa nje ya beseni, mara hii kwenye viatu vya mgeni. Nami nikaomba radhi, ingawa kusema kweli sikuwa na huzuni sana.

Vyombo sasa ni vya kila mtu na chake. Mabeseni ya mchanga ni matatu kwa paka wawili, moja likiwa chumbani mwangu ambako Sudi haingii, kwa sababu niligundua alikuwa anamvizia Tunu njiani kuelekea lile la uani, na wala hakuwa anapigana, anakaa tu katikati ya korido kama askari wa usalama barabarani. Maji mahali pawili. Kapu la vitambaa ni la Tunu. La Sudi nimelishona mwenyewe kwa mabaki ya sofa, na analikataa, analala kwenye kiti cha shangazi.

Ni mwezi wa tano sasa tangu ile siku ya tenga. Watu wakiuliza kama wanapendana nasema hapana. Hawalambani, hawalali pamoja. Jioni umeme ukikatika na joto likizidi wote hulala kwenye sakafu ya ukumbi, na nimepima kwa macho, kati yao kuna kama mikono miwili. Tunu akipita hugusa pua ya Sudi nusu sekunde, au humfokea, inategemea siku. Kuna Ijumaa alimzaba kofi kwa sababu nisiyoijua, na Sudi akakubali.

Juzi alasiri nilikuwa natia zipu kwenye sketi ya shule. Sauti mlangoni: "Hodi wenyewe!" Kapu likawa tupu kama kawaida. Sudi akanyanyuka kwenye kiti cha shangazi, akajinyoosha, akaenda mlangoni mkia juu. Alikuwa kijana anayekusanya pesa ya taka. Sudi akamnusa viatu, akajisugua kwenye suruali yake, kijana akainama kumkuna. Nilipogeuka kutafuta pochi nikaona chini ya pazia la chumba changu sharubu, kisha pua, kisha kichwa. Tunu hakuwa anamtazama yule kijana. Alikuwa anamtazama Sudi, jinsi alivyosimama, mkia wake ulivyo. Akatoa mguu mmoja nje ya pazia, akauacha hapo.

"Kumbe mko na paka wawili," kijana akasema.

Nikamwambia anyamaze.